Shajara ya mradi: umeme wa betri kwa redio, GPS na taa za boti ya Bukavu–Goma

Hali ya mwanzo

Boti ni ya mbao, inabeba mizigo na abiria usiku kati ya Bukavu na Goma kwenye Ziwa Kivu, karibu saa 9 majini ikiwa imejaa. Ina injini mbili za nguvu za farasi 40, za kuwashwa kwa kamba. Hazina kizalisha umeme, kwa hiyo kila ampea inayotumika kwenye chumba cha nahodha imetoka nchi kavu ndani ya betri. Marubani wa glaida (ndege zisizo na injini) wanaijua shida hiyohiyo: chombo hakina injini ya kuchaji, betri hutolewa, hupelekwa nyumbani, hurudishwa asubuhi, na kila kutoa na kurudisha ni nafasi ya kiungo kulegea.

Vilivyomo: betri mbili za risasi zilizofungwa, aina ya AGM, volti 12, ampea-saa 18 kila moja (ampea-saa ni umeme wa ampea moja kwa saa moja), kilo 5 na nusu hivi kila moja. Ziko chini ya benchi, mita 2.5 kutoka kwenye ubao wa swichi. Vinavyokula umeme ni redio ya mawasiliano ya majini, VHF, ya wati 25, GPS iliyounganishwa na kipima kina, taa za safari za LED, na soketi ya USB ya kuchaji simu. Pampu ya kutoa maji ina betri yake na waya wake, na tunaiacha hivyo. Pampu isichanganywe na vyombo vya mawasiliano.

Malalamiko: nahodha akibonyeza kitufe cha kusema, GPS inazimika na kuanza upya, na redio yenyewe wakati mwingine inalia kisha inakata. Kwa anayemsikiliza upande wa pili, nahodha anasikika kwa kukwaruza. Hutokea zaidi baada ya saa 3 au 4 za safari, lakini imewahi kutokea hata boti ikiwa bado imefungwa gatini. Redio ilishapelekwa kwa fundi mara mbili ikarudi bila kasoro. Neno la nahodha lilikuwa hili: «Fundi, batri iko mupya, shida iko kwa redio.»

Siku ya 1: kupima bila mzigo na kwa mzigo

Betri ya kwanza, tutaiita A, ikiwa haijaunganishwa kitu: volti 12.8. Betri B: 12.7. Kwa macho ya mtu yeyote hizo ni betri nzima, na ndiyo sababu kila aliyezipima alielekeza kidole kwenye redio. Lakini volti ya betri iliyopumzika inasema tu kama ilichajiwa karibuni. Haisemi ina uwezo gani, wala haisemi chochote kuhusu waya ulio kati yake na chombo.

Tukapima mahali panapohusika, yaani nyuma ya redio, kwenye pini za umeme zenyewe, kila kitu kingine kikiwa kimezimwa na betri B ikiwa kazini.

Redio imezimwa: 12.7.
Inasikiliza: 12.5.
Inarusha kwa wati 25: 9.9.

Wakati huohuo, mita ya pili iliyoshikwa kwenye vichwa vya betri ilionyesha 12.3. Betri imeshuka kidogo tu, jambo la kawaida. Volti 2.4 zinapotea njiani. Mkondo wakati wa kurusha ulikuwa ampea 5.2, kwa hiyo njia nzima ina ukinzani wa omu 0.46. Redio za VHF za majini kwa kawaida hutengenezwa kwa volti 13.8, kupanda au kushuka asilimia 15, maana yake chini ya 11.7 haziahidi kitu. GPS yetu inadai angalau 10. Ikiwashwa pamoja na redio kwenye waya uleule, volti zinashuka hadi 9.5, nayo inakufa. Malalamiko yote ya nahodha yamo ndani ya hesabu hiyo, na redio haina hatia.

Mambo mawili ya vipimo hivi kwa atakayerudia. Antena iwe imeungwa kabla ya kubonyeza kitufe cha kusema, maana kurusha bila antena kunaweza kuua hatua ya mwisho ya redio. Na kama mkondo unapimwa kwa mita ya kubana waya, iwe inayopima umeme wa moja kwa moja (DC, kama wa betri); nyingi za bei nafuu zinapima umeme wa nyumbani tu, ukizibana kwenye waya wa betri zinaonyesha sifuri.

Siku ya 2: volti 2.4 zimeliwa wapi

Tulihitaji mzigo wa kudumu, kwa sababu huwezi kubonyeza redio dakika 10 mfululizo, utaichoma na utawasumbua walio kwenye chaneli. Taa ya mbele ya gari, aina ya H4, upande wa wati 55, inakula karibu ampea 4.5. Tuliifunga mahali pa redio ili kutafuta sehemu zilizo na joto, kisha namba za mwisho tukazichukua kwa redio yenyewe, kwa kurusha sekunde 5 kila mara.

Namna ya kupima ni hii: ncha moja ya mita inabaki kwenye kichwa chanya cha betri. Ncha nyingine inatembea upande uleule wa chanya, kiungo hadi kiungo, mpaka pini chanya ya redio. Mita inaonyesha moja kwa moja kilichopotea kati ya ncha hizo mbili. Halafu upande wa hasi vivyo hivyo. Wengi huusahau upande wa hasi, wakidhani ni njia ya kurudia tu, ilhali mkondo unaopita huko ni uleule.

Upande wa chanya, wakati wa kurusha:
klipu kwenye kichwa cha betri, 0.10;
kishika fyuzi, 0.90;
swichi ya kuchagua betri, 0.35;
kiungo nyuma ya ubao, 0.25;
waya wenyewe, 0.30.
Jumla 1.90.

Upande wa hasi: kiungo cha kusokotwa 0.20, waya 0.30. Jumla 0.50.

Kishika fyuzi ndicho mwizi mkubwa. Ni kile cha plastiki cha kufungua kwa kuzungusha, chenye fyuzi ya kioo na springi ndani. Kwa nje kilikuwa kizima. Kilipofunguliwa, kofia ya fyuzi ilikuwa na utando wa kahawia, springi imelegea na kupoteza ukakamavu, na plastiki upande mmoja imegeuka njano kama jino la mvutaji. Hesabu inaeleza rangi hiyo: volti 0.9 mara ampea 5.2 ni karibu wati 4.7 za joto, ndani ya kitu kisichozidi kidole gumba. Joto linalegeza springi, springi iliyolegea inaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza joto. Kasoro ya namna hii inajilisha yenyewe. Ndiyo sababu boti ilianza na kukwaruza kidogo, ikaishia kuzima GPS.

Fyuzi yenyewe ilikuwa nzima, na ukiipima kwa mlio wa mita inalia vizuri. Mlio wa mita hutumia mkondo mdogo mno. Kiungo chenye omu 0.17 kitalia kama waya mpya, kisha kitazima GPS usiku katikati ya ziwa.

Maji ya Kivu hayana chumvi kama ya bahari, lakini yana madini ya kutosha: tone likikauka juu ya shaba linaacha unga mweupe. Usiku hewa ya ziwa inaleta umande hadi chini ya benchi. Klipu za kung'ata zilizokuwa kwenye vichwa vya betri zilikuwa na unga huo kwenye meno yote. Klipu hizo ni za majaribio ya mezani. Kwenye chombo kinachotikisika hazifai hata kwa siku moja.

Waya ulikuwa wa milimita mraba 0.75. Kwa mita 2.5 za shaba ya unene huo unapata omu 0.058 kwenda, na nyingine kiasi hicho kurudi. Hata viungo vyote vingekuwa vipya, waya peke yake ungekula volti 0.6. Aliyeufunga alihesabu joto (ampea 5 hazitauchoma), hakuhesabu volti.

Siku ya 3: uwezo halisi wa betri

Njia imejulikana, lakini kwa nini shida inazidi baada ya saa 3 au 4? Hapo ni betri zenyewe.

Tulizichaji zote mbili kwa chaja ya kuazima inayoaminika, zikapumzika usiku, asubuhi zote zikasoma 12.9. Kisha kila moja ilifungwa balbu ya breki ya gari ya wati 21, ambayo kwa volti 12 ilivuta ampea 1.6. Kipimo kinaandikwa kila nusu saa, na kazi inakoma volti zikifika 10.8. Usiiache ishuke zaidi ya hapo, na uichaji tena siku hiyohiyo.

Betri A ilidumu saa 4 na dakika 10. Hizo ni ampea-saa 6.7 kati ya 18.
Betri B ilidumu saa 8 na dakika 45. Ampea-saa 14.

Ikumbukwe kuwa namba 18 iliyoandikwa ubavuni ni ya kumwaga taratibu kwa saa 20, yaani ampea 0.9. Ukivuta haraka zaidi, hata betri mpya inatoa pungufu. Lakini 6.7 si suala la haraka. A imekwisha, ingawa ilisoma 12.9 asubuhi ileile. B imezeeka kwa heshima, inafaa bado.

Mahitaji ya usiku mmoja, saa 9:
redio ikisikiliza, ampea 0.4, jumla 3.6;
redio ikirusha dakika 10 za usiku mzima, jumla 0.87;
GPS na kipima kina, ampea 0.8, jumla 7.2;
taa, ampea 0.4, jumla 3.6;
simu, ampea 1 kwa saa 2, jumla 2.
Yote ni ampea-saa 17.3.

Betri ya risasi inayomwagwa zaidi ya nusu kila usiku haidumu. Maana yake kwa 17.3 ingefaa kuwa na karibu 35 za kweli. Boti ilikuwa na 20.7, na swichi ikitumia betri moja baada ya nyingine, nahodha aliyeanza na A alikuwa amebaki mtupu kabla ya saa ya 5.

Kuna pa kupunguza. Kipima kina kidogo hakifiki chini ya Kivu katikati. Huko maji yana zaidi ya mita 400, na chombo kinaendelea kupiga mawimbi yake bure kikitafuta sakafu isiyoonekana. Kikizimwa kipengele hicho kwenye maji mengi, na mwanga wa skrini ukishushwa, chombo kinakula 0.55 badala ya 0.8. Kinawashwa tena kwenye kingo za kisiwa cha Idjwi na wakati wa kuingia gatini. Skrini hafifu pia inayaacha macho ya nahodha yazoee giza, jambo ambalo tungelitaka hata kama umeme ungekuwa wa bure. Usiku unashuka hadi ampea-saa 15.

Uamuzi: A itolewe, inunuliwe mpya ya aina na ukubwa uleule. Pamoja na B zitakuwa 32, nusu yake 16.

Siku ya 4: nani aliiua betri A

Betri mpya ikienda kwenye chaja mbaya, baada ya miezi tutarudi hapahapa. Betri hupandishwa kilima kwa pikipiki na kuchajiwa nyumbani, kwa chaja nzito ya transfoma, ya zamani, yenye taa nyekundu na kijani.

Saa tisa alasiri umeme wa ukutani ulikuwa volti 215: chaja ilifikisha betri B 14.1. Saa moja na nusu usiku, majiko yote ya mtaa yakiwa yamewashwa, ukutani palikuwa na 168: betri ilisimama 12.9 na mkondo uliokuwa ukiingia ni ampea 0.2. Taa ya kijani ikawaka. Taa hiyo haipimi kujaa, inapima mkondo kushuka, na mkondo unashuka kwa sababu mbili: betri imejaa, au chaja haina nguvu ya kusukuma. Kila jioni nahodha aliona kijani, akachukua betri isiyofika hata robo tatu.

Betri ya risasi inayoishi bila kujazwa hufunikwa sahani zake na salfeti ya risasi. Mwanzoni salfeti hiyo ni laini, ikichajiwa vizuri inayeyuka. Ikikaa wiki na wiki inakuwa fuwele ngumu ambazo hazirudi tena. Hicho ndicho kilichoiua A, iliyokuwa ikichajiwa ya pili kila jioni, umeme ukiwa hafifu zaidi.

Chaja mpya mbili, moja kwa kila betri, za kisasa zisizo na transfoma nzito, zinazokubali volti 100 hadi 240 ukutani, ampea 3 kila moja. Tulizipima kabla ya kulipa: kilele 14.5, kisha baada ya kujaa zinashuka na kushikilia 13.6. Kwa AGM tunataka kilele kati ya 14.4 na 14.7, na kushikilia kati ya 13.5 na 13.8. Chaja ya gereji ya magari inayopanda 15 na kuendelea huikausha betri iliyofungwa, na huwezi kuiongezea maji. Kurudisha ampea-saa 9 kunachukua saa 5 hadi 6: tatu za kusukuma, zinazobaki za kumalizia. Umeme ukikatika kabla ya kumaliza, betri iachwe kwenye chaja mpaka urudi, isitolewe kwa sababu tu «imefika 13».

Siku ya 5 na 6: waya upya

Waya. Waya wa kwanza, kutoka soko la Kadutu mjini Bukavu, uliandikwa milimita mraba 2.5. Mita 10 za shaba ya unene huo zingepoteza volti 0.32 kwa balbu ya H4. Zilipoteza 0.68. Tulikwaruza uzi mmoja kwa kisu: chini ya rangi ya shaba pakawa peupe. Ni alumini iliyovishwa shaba. Umeme unapita kwa shida zaidi, nyuzi zinakatika kwa mtikisiko, na ukibana kichwa cha waya alumini inaendelea kubonyea polepole hadi kiungo kinalegea chenyewe. Ulirudishwa. Wa pili ulikuwa shaba tupu, ukanunuliwa mita 12. Ukipata shaba iliyopakwa bati, chukua hiyo kwa boti, hata kwa bei ya juu. Kisu na sekunde 10 dukani vinatosha kujua.

Ulivyopangwa sasa:

Kila betri ina waya wake mfupi wa sentimita 20, na kwenye upande wa chanya, kabla ya kitu kingine chochote, fyuzi bapa ya ampea 15. Fyuzi inalinda waya, si chombo, kwa hiyo mahali pake ni karibu na betri. Fyuzi ikikaa kwenye ubao wa swichi, mita 2.5 za waya zilizo kabla yake hazina mlinzi, na betri ndogo kama hii ikipigwa shoti inatoa mamia ya ampea, ya kutosha kuwasha benchi.

Baada ya fyuzi kuna kiungo cha kuchomoa cha Anderson Powerpole cha ampea 45, chenye umbo lisiloruhusu kuchomeka kinyume. Kwenye glaida na kwenye boti kosa ni lilelile: betri inarudishwa gizani, haraka, na mtu aliyechoka. Kiungo kinachoweza kuingia kinyume siku moja kitaingia kinyume.

Swichi ya kuchagua betri imebadilishwa kuwa ya kuzungusha, inayoshika betri ya pili kabla ya kuachia ya kwanza. Ile ya zamani iliachia kwanza, na pengo hilo dogo lilitosha kuizima GPS. Kulikuwa na wazo la kuweka kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme kidogo) ya mikrofaradi 10,000 mbele ya GPS badala ya kununua swichi. Kwa ampea 0.8, kapasita hiyo inashuka volti 0.8 kila milisekunde 10, kutoka 12.5 hadi 10 una milisekunde 31 tu. Mkono wa mtu kwenye swichi ni mzito kuliko hapo. Wazo la diodi mbili (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) nalo tuliliacha: zinabadilisha zenyewe, lakini diodi ya kawaida inakula volti 0.7 hadi 1 wakati wa kurusha, na hata ya Schottky inakula 0.4 hivi. Tumetoka kufukuza volti hizo, hatuwezi kuzikaribisha tena. Swichi isiachwe katikati kwa muda mrefu, maana hapo betri iliyojaa inamimina ndani ya iliyoisha.

Kutoka kwenye swichi, redio ina jozi yake ya waya wa 2.5 na fyuzi ya 7.5. GPS ina yake, waya wa 1, fyuzi ya 2. Taa fyuzi ya 3. USB fyuzi ya 3. Hasi zote zinakutana kwenye upau mmoja wa shaba, hakuna iliyounganishwa njiani.

Vichwa vya waya vimebanwa kwa koleo la kubania lenye meno ya kufunga, lisiloachia mpaka libane hadi mwisho. Koleo la kawaida linaubapaza tu mrija wa kichwa. Kila kimoja kilivutwa kwa mkono kwa nguvu. Viwili kati ya 26 vilitoka, vikabanwa upya. Hatukulehemu waya unaoingia kwenye kichwa, kwa sababu bati hupanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya mgumu, na mahali ugumu unapoishia ndipo mtikisiko unapokatia. Juu ya kila kichwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani.

Vipimo vipya, redio ikirusha kwa ampea 5.2, betri B: kwenye vichwa vya betri 12.3, kwenye pini za redio 12.0. Njia nzima inakula 0.30, na 0.18 kati ya hizo ni waya wenyewe. GPS haikupepesa.

Siku ya 8: kelele

Baada ya umeme kutulia ikasikika shida iliyokuwa imefichwa nyuma ya ile kubwa. Redio ikisikiliza, soketi ya USB ikiwa na simu, kuna mvumo kama mvua juu ya bati, na boti za mbali hazisikiki. Wengi wangekaza kizuia kelele cha redio (squelch) mpaka mvumo ukatike, na hapo wanakuwa wameziba pia sauti dhaifu za watu wanaowaita.

Fungua kizuia kelele kabisa, sikiliza mvumo wa kawaida, kisha washa chombo kimoja kimoja. USB: mvumo ulipanda mara moja. Taa ya kijani ya LED: ukapanda kidogo. Nyekundu na nyeupe: hakuna kitu. Ndani ya soketi ya USB na ndani ya taa nyingi za LED kuna kipunguza volti kinachokata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na cha bei nafuu hakina vichujio. Walinzi wa pwani wa Marekani walitoa tahadhari kuhusu jambo hili mwaka 2018, kwamba taa za LED zinaweza kuzima masikio ya redio ya VHF bila mtu kujua.

Soketi ya USB ilihamishwa sentimita 80 kutoka kwenye redio, waya wake ukasokotwa, ukazungushwa mara 5 ndani ya pete ya feraiti, inayomeza kelele za umeme. Mvumo ulipungua, haukuisha. Tukaitoa, tukaweka nyingine yenye ganda la chuma, ukaisha. Taa ya kijani ilitosheka na pete ya feraiti peke yake.

Siku ya 9

Umeme unaovuja kila kitu kikiwa kimezimwa: miliampea 35, yote kwenye soketi ya USB, ambayo ina namba nyekundu za kuonyesha volti zisizozimika. Kwa siku ni ampea-saa 0.84, boti ikikaa gatini siku 10, ni 8.4, karibu nusu ya betri. Imewekewa swichi. Sasa sifuri.

Siku ya 12: safari ya usiku

Kuondoka na betri mpya, iliyosoma 12.9 ikiwa imepumzika. Redio ikisikiliza 12.7 kwenye pini, ikirusha 12.2. Maagizo kwa nahodha yameandikwa kwa wino usiofutika kando ya swichi: badilisha betri volti zikifika 12.0 redio ikiwa inasikiliza. Usisome namba wakati unabonyeza kitufe, utaogopa bure.

Alibadilisha saa 5 na dakika 20 baada ya kuondoka, boti ikiwa imeshaipita Idjwi. GPS iliendelea bila kukatika. Kuingia Goma, betri B ilipopumzika saa moja ilisoma 12.3. Kishika fyuzi cha redio kiliguswa kwa kidole baada ya mazungumzo marefu ya gatini: baridi.

Yanayobaki

Betri za lithiamu za chuma-fosfeti zimeulizwa. Kilo 5.5 zinashuka hadi 2 na kidogo, na unaweza kutumia karibu zote badala ya nusu. Hatuziweki bado, kwa sababu tatu. Zinakaa karibu 13.2 kwa sehemu kubwa ya safari, kwa hiyo kanuni ya 12.0 kando ya swichi haifai tena. Itabidi kifungwe kipimo kinachohesabu ampea-saa. Ulinzi wa ndani wa betri ukiamua imeisha, unakata ghafla, redio inakufa katikati ya neno. Na swichi yetu inaunganisha betri mbili kwa muda mfupi, jambo lisilofaa kati ya lithiamu na risasi, kwa hiyo zitabadilishwa mbili kwa pamoja au zisibadilishwe. B itapimwa tena kwa balbu baada ya miezi 6. Ikishuka chini ya ampea-saa 11, mjadala utafunguliwa.

Sanduku la akiba ndani ya boti: fyuzi bapa 3 za kila ukubwa, vichwa vya waya 10, mita 2 za waya wa 2.5, kiungo kimoja cha Anderson kilichobanwa tayari, balbu moja ya wati 21 yenye waya. Koleo la kubania bado ni la kuazima, linatakiwa kununuliwa.